Sauti ya Mama Ailsa

Mwanakhamisi binti Yunusu ni fundi cherehani pale Kihesa, Iringa. Mchana hushona sare za shule na madera. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumanne na Alhamisi jioni, alikuwa akifunga kibanda chake na kwenda kwenye darasa ambalo kikundi cha maigizo cha Mwalimu Liberatus kiliazimwa kwa mazoezi. Huko alipewa nafasi za mama mkwe, jirani mbea, bibi mganga. Alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna aliyemfundisha: aliweza kuiga sauti ya mtu. Ukiingia kuagiza gauni, ukakaa dakika tano, ukitoka tu mlangoni anakuigiza mpaka namna unavyokohoa.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Mwalimu Liberatus alikuja na mchezo mpya. Ni mwalimu mstaafu wa historia, mwembamba, mkali kwa wanaochelewa. Alikuwa amezunguka Mufindi miezi mitatu akiongea na wazee waliochuma chai enzi za mameneja wa Kizungu. Akakaa kwenye meza ya mwalimu, akaanza kuwasomea. Mwanakhamisi alisikiliza huku anashona kifungo cha koti la jukwaani. Mwalimu alipofika onyesho la nne, sindano ikasimama.

Onyesho la nne lilikuwa la yaya na mtoto. Yaya, msichana wa miaka kumi na saba, anakabidhiwa mtoto wa meneja. Anamwacha kando ya bwawa la kumwagilia miche ili akapige soga na kijana wa kiwandani. Mtoto anazama, anaopolewa akiwa hoi. Memsabu anamfukuza yaya pamoja na baba yake.

"Mwalimu, hii ni kweli?" akauliza Nusrat, binti wa chuo ambaye alikuwa mdogo kuliko wote kikundini.

"Kweli kabisa. Wazee watatu wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake. Ilikuwa mwaka themanini na saba. Jina la yaya tu ndilo wamelisahau."

Yaya huyo alikuwa Mwanakhamisi.

Alikata uzi kwa meno, akaweka koti mapajani, akaendelea kusikiliza habari zake zikisomwa na mtu mwingine.

Zilipogawiwa nafasi, Nusrat akapewa yaya. Sedekia, dereva wa bodaboda mwenye kitambi, akapewa meneja. Ikabaki memsabu, ambaye katika onyesho la nne alitakiwa kuzungumza Kiingereza. Wanawake wawili walijaribu, kila mmoja akaishia kucheka. Nusrat naye akajaribu kwa mzaha, akibana pua na kumeza maneno kama waigizaji wa Marekani. Wote wakapiga makofi.

"Naomba mimi," akasema Mwanakhamisi.

Mwalimu akamtazama juu ya miwani, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Ruwaida, hapo ni Kiingereza."

Mwanakhamisi akasimama. Akakunja mikono chini ya kifua, akainua kidevu kidogo, akawaamuru watoke nje ya nyumba yake. Hakupaza sauti. Kiingereza kilimtoka chini chini, chepesi, kama mtu aliyezaliwa nacho. Neno "house" alilitamka "huus". Neno "girl" akalitamka "geril", na ile r akaiviringisha ulimini kama punje ya mahindi. Darasa likanyamaza. Kilichowanyamazisha hawakukijua, ila Sedekia, bila kufikiri, alikuwa ameshavua kofia yake.

"Umejifunzia wapi?" akauliza Mwalimu.

"Zamani," akasema Mwanakhamisi, akakaa.

Baadaye alijiuliza kwa nini aliomba nafasi ile. Jibu alilopata ni kwamba asingevumilia kukaa pembeni amwone mtu mwingine akimkosea yule mama.

Baba yake, Mzee Yunusu, alikuwa mtu wa Kilwa aliyefuata kazi bara, akawa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Mwanakhamisi alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, akikua na Kihehe nje na Kiswahili ndani. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa nyumba kubwa kumlea Ailsa, mtoto wa meneja, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama dede. Meneja na mkewe walikuwa Waskoti. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Ailsa, alikuwa mpweke. Ukungu ulipofunga mchana na mumewe yuko kiwandani, alimwita Mwanakhamisi barazani wasome barua zilizotoka kwao. "Rudia," alimwambia. Neno moja walilirudia mara ishirini, wakicheka, mpaka sauti zao mbili zikawa hazitofautiki. Mwanakhamisi alidhani Kiingereza cha dunia nzima ndicho hicho. Alimpenda yule mama. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumweleza mtu.

Tatizo lilikuwa chupa. Mama Ailsa alianza kunywa baada ya chakula cha mchana, na ilipofika saa tisa macho yake yalikuwa mbali.

Siku ile alimtuma Mwanakhamisi stoo ya juu kuleta mashuka. "Mtoto mwache, yuko na mimi," akasema. Mwanakhamisi aliporudi alimkuta mama amelala kwenye kiti, gilasi imeanguka, mtoto hayupo. Alikimbia kuzunguka nyumba, akashuka kwenye miche, akaona kigauni cha njano juu ya maji. Hakujua kuogelea. Alijitupa hivyo hivyo, maji yakamfika kidevuni, akamshika mtoto, akamvuta hadi majanini. Akambinya tumbo mpaka maji yakatoka na kilio kikatoka. Alipoinua uso, Mama Ailsa alikuwa amesimama ukingoni, miguu mitupu, na gari la meneja linasikika likipanda kilima.

Walikuwa na kama dakika mbili. Mama Ailsa alimshika mabega. "Ulikuwa naye wewe," akasema kwa Kiingereza chao. "Unanisikia, msichana? Mimi sikulala. Ulikuwa naye wewe. Ukisema hivyo, baba yako hataguswa, nakuapia. Ukisema vingine, mtoto huyu watamwondoa kwangu na sitamwona tena, na wewe hutamwona."

Mwanakhamisi akasema hivyo. Meneja aliposhuka garini, yeye akapiga magoti kwenye matope akasema, "Mtoto nilikuwa naye mimi. Nilimwacha." Ijumaa ya wiki ile baba yake alipewa barua. Jumamosi walipakia vitu kwenye lori. Kaka yake Ibrahimu, aliyekuwa kidato cha pili, hakurudi shule tena.

Mzee Yunusu hakumpiga wala hakumtukana. Ila tangu siku hiyo hakumkabidhi tena kitu cha kuangalia, hata chungu motoni. Alimwita mtu mwingine. Mwanzoni Mwanakhamisi aliogopa kusema ukweli, kwa sababu baba angerudi kule kudai haki na nani angemwamini? Baadaye uongo ulikuwa umeshakaa nyumbani kama mwenyeji. Mzee alifariki mwaka tisini na tisa bila kuambiwa.

Mchezo ulianzia Mbeya, mwezi wa sita, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Soweto. Baridi ilikuwa kali, watu wamekuja na mablanketi. Sedekia aliingia na suruali fupi na fimbo, akaagiza "lipoti" badala ya ripoti, akamfokea "dlaiva" wake, na ukumbi ukampenda papo hapo. Akaja Mwanakhamisi. Aliposema maneno mawili ya kwanza, kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mzungu gani huyo anaviringisha r? Huyo mzungu wa Tukuyu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kila alipofungua kinywa wakacheka zaidi. Aliendelea tu, mikono chini ya kifua, jasho likimtiririka mgongoni kwenye baridi ile.

Kwenye onyesho la nne aliona mtu wa mstari wa tatu akisimama na kutoka. Alikuwa Ibrahimu. Kaka yake anauza vipuri vya pikipiki hapo hapo Soweto. Mwanakhamisi mwenyewe ndiye aliyemwalika, ingawa hakumweleza mchezo unahusu nini. Walipomaliza alimkuta nje, kashika mikono nyuma.

"Kaka, umetoka mapema."

"Nilichokiona kimenitosha." Ibrahimu hakumtazama. "Baba kafa anaziba pancha za baiskeli, Mwana. Fundi wa mitambo! Mimi nauza spaki plagi. Na wewe umeyachukua yale mambo ukayafanyia mchezo watu wacheke."

"Sikuandika mimi."

"Na nafasi uliyoichukua ni ya yule mama. Ungeigiza basi upumbavu wako mwenyewe."

Maneno yalimfika mdomoni. Wakati huo Sedekia akaita kwamba gari linaondoka. "Nenda," akasema Ibrahimu, "unaitwa huko." Akaenda.

Jumanne iliyofuata Mwalimu Liberatus alimwita pembeni. "Mama Ruwaida, Kiingereza chako ni kizuri, mimi sibishi. Lakini watu hawakiamini. Mzungu wanayemjua ni wa kwenye filamu. Mpe Nusrat wiki mbili akufundishe namna ile ya kubana pua. Kwa sababu Jumamosi ya tarehe kumi na tisa tuna onyesho hapa Iringa, na tuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mama mmoja kutoka Uskoti. Anasema amezaliwa hapo Mufindi, amekuja kutafuta watu waliowajua wazazi wake. Afisa utamaduni amemkaribisha. Anaitwa..." akatafuta kwenye simu yake. "Ailsa. Wewe unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu."

Wiki mbili hizo Mwanakhamisi hakulala vizuri. Angeweza kusema anaumwa, na Nusrat angechukua nafasi. Angeweza pia kwenda kwa Mwalimu na kumwambia, onyesho la nne ni la uongo, livunje. Alichofanya ni kukaa na Nusrat kibandani mwake na kujifunza.

"Shangazi, hiyo r imeze. Bana pua. Sema kama unatafuna bazoka," Nusrat alimwambia.

Kwa siku mbili tu alikuwa ameiweza. Nusrat alipiga makofi. Mwanakhamisi alipata nafuu ya ajabu. Kwa sauti ile ya kuazima, memsabu alikuwa mtu wa bandia tu, kofia na gauni. Hata Ailsa asikie nini, asingemtambua mtu. Yeye angesema maneno ya Mwalimu, wangepigiwa makofi, mgeni angerudi kwao.

Jumamosi ikafika. Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa shule moja Kihesa. Viti vya plastiki vilijaa mpaka madirishani. Mwanakhamisi alisogeza pazia kidole kimoja, akamwona mgeni mstari wa mbele, katikati ya afisa utamaduni na mwalimu mkuu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nywele fupi, shali ya kijivu. Kidevu kilikuwa cha mama yake. Miguu alikuwa ameipandisha kwenye ubao wa chini wa kiti, magoti pamoja, kama alivyokaa utotoni akila uji. Mwanakhamisi akaachia pazia. Nusrat akaja kumfunga vifungo vya gauni.

"Shangazi, ni mzungu mmoja tu," Nusrat akamnong'oneza. "Usimwogope."

Onyesho la kwanza lilikwenda. La pili likaenda, na la tatu. Sauti ya pua iliwafurahisha watu, wakapiga miluzi. "Huyo sasa ndiyo mzungu!" mtu akasema. Ailsa alitabasamu kwa adabu, jinsi mtu anavyotabasamu akipewa chakula asichokipenda ugenini. Mwanakhamisi alimwona kila alipogeuka. Alijiambia: bado onyesho moja, ushuke.

Onyesho la nne. Wakapeperusha kanga ya bluu kuwa maji ya bwawa. Nusrat akaingia na mdoli aliyelowa, akamlaza chini, akapiga magoti mbele ya memsabu. Machozi yake yalikuwa ya kweli; alikuwa mwigizaji mzuri kuliko wote.

"Nisamehe memsabu," akalia. "Mtoto nilikuwa naye mimi. Nilimwacha."

Mwanakhamisi alikuwa ameisikia sentensi hiyo mazoezini mara thelathini. Lakini mazoezini Nusrat hakuwa akilia. Sasa alimtazama yule binti aliyepiga magoti, shingo yake nyembamba, mabega yanayotikisika, na akaona umri wake. Alikuwa hajawahi kuuona. Miaka yote hiyo alijikumbuka kama mtu mzima aliyefanya uamuzi, kumbe alikuwa mtoto.

Zamu yake ya kusema ikafika, ikapita. Nyuma ya pazia Mwalimu Liberatus akamnong'oneza sentensi yake. Akarudia. Ukumbi ukaanza kuguna.

Mwanakhamisi akasogea mbele, akamshika Nusrat mabega kwa nguvu. Na sauti iliyotoka haikuwa ya pua. Ilitoka chini chini, ya haraka, imeviringishwa r zake zote, sauti ya mwanamke aliyeshtuka usingizini na anasikia gari linapanda kilima. Akasema kwa Kiingereza kile kile, neno kwa neno: ulikuwa naye wewe. Unanisikia, msichana? Mimi sikulala. Ulikuwa naye wewe.

Mstari wa mbele kitu kikaanguka sakafuni. Ailsa alikuwa amesimama.

Nusrat alishtuka. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi, wala sauti hiyo haikuwa ya shangazi yake wa Kihesa. Lakini alikuwa anajua Kiingereza, na alikuwa na akili. Kwa Kiswahili, polepole, akauliza: "Memsabu... kumbe mtoto ulikuwa naye wewe?"

Ukumbi mzima ukasikia. Mtu mmoja akasema "He!"

Mwanakhamisi hakugeuza uso kumtazama Ailsa. Angemtazama asingeweza kuendelea. Akajibu kwa Kiswahili kibovu cha Mama Ailsa, kile cha kuagizia jikoni. "Mimi nalala. Wewe sema wewe iko naye. Sema kwa bwana. Baba yako hapana guswa. Mimi naapa." Na akaongeza kile kilichobaki, kwa Kiingereza, kwa sauti iliyoanza kukatika: kwamba wangemwondoa mtoto kwake, asimwone tena.

Sedekia, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akaingia na fimbo yake kwa wakati wake akauliza kuna nini. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Liberatus akaagiza pazia lifungwe.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu alimjia usoni. "Umefanya nini? Mama Ruwaida, umefanya nini? Mgeni kasimama, afisa utamaduni ananitumbulia macho..."

Hakumaliza. Ailsa alikuwa ameshaingia, amepita kati ya makoti na vikapu vya majani ya chai ya karatasi. Shali ilikuwa inaburuza. Alizungumza Kiingereza, na kilikuwa cha mama yake.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Mwanakhamisi alivua kofia ya memsabu, akaishika mkononi. Akajibu kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Mama yako. Barazani."

Ailsa, ambaye Kiswahili cha utotoni hakikumtoka chote, alimwangalia. Kisha akatamka jina alilomwita akiwa na miaka minne. "Mwana?"

"Ndiyo."

Aliyetegemea wakumbatiane alikosea. Uso wa Ailsa ulikuwa mwekundu kwa hasira. "Mama yangu ana miaka sabini na nne. Anaumwa. Umekaa miaka thelathini na minane, unakuja kusema haya mbele ya watu mia mbili?"

"Sikukusudia kuyasema leo."

"Una ushahidi gani?"

"Sina. Nina maneno yake tu."

"Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, alinisimulia. Kwamba uliniacha ukaenda kwa mwanamume. Kwamba yeye ndiye aliyeingia majini."

Hilo Mwanakhamisi hakuwa amelijua. Alisimama akalipokea. Alifikiri angelia, lakini kilichompanda ni hasira ya kwanza aliyowahi kumwonea yule mama.

"Mama yako nguo zake zilikuwa kavu," akasema.

Ailsa akatazama kichwa cha Mwanakhamisi, kilichokuwa wazi sasa, nywele zenye mvi zimesukwa mistari ili kofia ikae. "Nakumbuka nilishika nywele," akasema, na sauti ilishuka. "Nywele zilizosukwa. Nilizivuta. Mama alikuwa ananiambia nimeota."

"Uling'oa msuko mmoja," akasema Mwanakhamisi. "Hapa juu ya sikio."

Ailsa hakuomba kuona. Aligeuka akatoka, akampita afisa utamaduni aliyekuwa na hotuba mkononi, akaenda kwenye gari lake. Hakuaga mtu.

Jioni ile kikundi kiligawanyika. Wengine walisema Mwanakhamisi kawaharibia. Mgeni alikuwa ameonyesha nia ya kuwasaidia wapate ukumbi wao. Mwalimu Liberatus alikaa juu ya kikapu, kaishika karatasi ya mchezo.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mwalimu wa historia! Wazee watatu, Mama Ruwaida!"

"Uliwauliza wazee, Mwalimu. Yaya hukumtafuta."

Nusrat ndiye aliyemsindikiza nyumbani, amembebea cherehani ya mkono waliyotumia kushonea mavazi ya jukwaani.

Zikapita wiki tatu. Kisha siku moja, akiwa anapima kitambaa, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Ailsa alipata namba kwa Mwalimu. Alizungumza polepole, akitua kila baada ya sentensi. Alikuwa amerudi kwao, amemuuliza mama yake. Mama alikataa, akasema yaya yule alikuwa mwongo siku zote. Ailsa akamrudishia yale maneno jinsi alivyoyasikia ukumbini. Mama yake akauliza swali moja tu: "Bado anaweza kusema kama mimi?" Halafu akageukia ukutani, na tangu hapo hataki kulizungumzia. "Kwangu imetosha," alisema Ailsa. "Sijui nikuombe nini. Asante kwa kunitoa kwenye maji." Hakusema kama atapiga tena.

Mwanakhamisi aliusikiliza mara mbili. Kesho yake alifunga kibanda, akapanda basi la Mbeya.

Ibrahimu alikuwa dukani kwake, amekaa kati ya cheni na matairi. Alipomwona hakusimama. Mwanakhamisi hakusubiri kukaribishwa; akakaa kwenye benchi la wateja, akamweleza yote tangu mashuka ya stoo ya juu. Hakujitetea, hakulia. Ibrahimu alikuwa anafuta kabureta kwa kitambaa. Alifuta sehemu ile ile mpaka mwisho wa maneno.

"Na baba?" akauliza.

"Baba sikumwambia."

"Ulimwacha akafa hivyo."

"Ndiyo, kaka."

Ibrahimu akaweka kabureta chini. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, akaitazama. "Mimi ningekuwa nani, Mwana? Hebu niambie. Nilikuwa wa tatu darasani."

"Sijui, kaka."

Akaja mteja akaulizia waya wa breki. Ibrahimu akamwambia hakuna, na zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake. Mteja akaondoka anashangaa.

"Sema alivyosema," akamwambia dada yake. "Kama yeye. Nataka nisikie."

Mwanakhamisi akaangalia nje, pikipiki zinapita. Akakunja mikono chini ya kifua, akasema. Hakuongeza wala hakupunguza. Ibrahimu alimjua yule mama. Akiwa mdogo alimpelekea mayai mlangoni kila Jumatatu. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza injini apate kujua kasoro iko wapi. Alipofumbua yalikuwa na maji.

"Mtoto wa miaka kumi na saba," akasema. "Akakushika mabega akakuambia hivyo."

"Ndiyo."

"Leo siwezi kukuambia nimekusamehe. Nikisema nitakuwa nakudanganya."

"Sikuja kwa hilo."

"Basi lako saa ngapi?"

"Saa nane."

"Liache. Wifi yako yuko nyumbani, utalala kwetu." Akafunga mlango wa duka, ingawa ilikuwa bado mchana na Jumatano, siku ya biashara. Akauchukua mfuko wa dada yake, akatangulia kupanda njia ya kwenda kwake. Hakugeuka nyuma, ila kila alipofika mbali kidogo alisimama, akamngoja.